Lenzi Aliyoichagua Mama Mazu

Habari za unyusi wa Bi Hsu zilifika hekaluni kabla ya Bi Hsu mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mianzi, kwenye kichochoro kilicho nyuma ya hekalu, uso umepakwa poda nyeupe kuanzia paji mpaka kidevu, amefumba macho, ananyonyolewa malaika za uso, vile vinyweleo laini, kama anavyofanya kila mwaka kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Alipofumbua macho na kupewa kioo, aliona upande wa kulia ana unyusi mzima na upande wa kushoto ana nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa imenasa kwenye uzi wa Shih Po-chu.

Bi Hsu, mke wa muuza madonge ya samaki, si mtu wa makelele. Alijitazama kiooni, akamtazama Po-chu, akajitazama tena.

"Dada Po-chu," akasema, "wageni wangu wa Mwaka Mpya watadhani nawashangaa kwa upande mmoja."

"Nitakuchorea kwa wanja," akasema Po-chu.

"Sawa. Utachora wewe, au tumtafute mtu anayeona?"

Bi Hsu alisema kwa utani, lakini utani wenyewe ulikuwa kweli tupu, na Po-chu akajua kwamba mambo yameharibika.

Maana Po-chu hakuwa mtu wa kubahatisha hata kidogo. Alikuwa kwenye kichochoro kile cha mji wa Lukang tangu alipokuwa mke mpya, akifundishwa na mama mkwe wake, bibi mkali aliyemchapa vidole kila uzi ulipolegea. Kazi yenyewe haina vyombo vingi: kipande cha poda ngumu, uzi wa pamba, viti viwili vya mianzi. Uzi unausokota, ncha moja unaiuma kwa meno, nyingine unaishika kwa vidole, kisha unaufungua na kuufunga kama mkasi juu ya shavu la mtu, na kila kinyweleo kinachopita katikati kinang'oka na mzizi wake. Zamani maharusi wote wa mtaa ule walipita mikononi mwake, kwa kuwa bibi harusi haondoki kwao kabla hajafunguliwa uso kwa uzi. Siku hizi maharusi wanakwenda kwenye maduka yenye mashine, lakini mama zao na shangazi zao hawajamwacha Po-chu. Wanakuja, wanakaa, wanafumba macho, wanawasengenya waume zao wapendavyo, kwa sababu Po-chu ana uzi mdomoni na hawezi kuwajibu.

Kisha mtoto wa jicho akaja, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Na hapo ndipo alipopata nafasi Wen-tsung.

Wen-tsung ni mwanawe wa pekee, mtu wa miaka hamsini na kidogo, msimamizi kwenye kiwanda cha baisikeli, mpole, mchache wa maneno, na kichwa chake ni kigumu kama cha mama yake. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akimwomba aache kazi.

"Mama, watu wanasema mimi, mtoto wa marehemu Huang, namwacha mama yangu akae kwenye upepo kama asiye na kwao."

"Watu gani?"

"Watu tu."

"Hao watu tu ndio wanaokuja kukaa kwenye kiti changu, mwanangu. Wakishakaa wanasema mengine."

Lakini macho yalipoziba, Po-chu hakuwa na la kujitetea. Aliahidi kwamba jicho likitengenezwa atakaa nyumbani apumzike. Aliahidi haraka haraka, ili mazungumzo yaishe.

Hospitalini Daktari Tseng, dada mmoja kijana mwenye sauti ya upole, alimweleza kwamba ile lenzi ya kuzaliwa iliyoingia ukungu itatolewa, na mahali pake itawekwa ya kutengenezwa. Ipo ya kuonea mbali. Ipo ya kuonea karibu. Na ipo ya tatu, ya kisasa, yenye miduara midogo ndani yake inayougawa mwanga, ya mbali na ya karibu kwa pamoja.

"Bibi, unafanya kazi gani siku hizi?" daktari akauliza.

Po-chu akamtazama mwanawe, aliyesimama pale na mkoba wa mama yake mkononi. "Sina kazi," akasema. "Nakaa nyumbani, natazama televisheni."

Daktari akamwambia akafikirie. Sasa, Po-chu jambo kubwa namna ile hakulifikiria peke yake, hajawahi. Alikwenda hekaluni na mwanawe, akapiga magoti mbele ya Mama Mazu, mungu wa kike wa hekalu lile, akashika vile vibao viwili vya kuulizia, vilivyochongwa kama nusu mwezi, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Unauliza, unavirusha sakafuni. Kimoja kikilala hivi na kingine vile, Mama amekubali. Vyote vikionyesha mviringo, amekataa. Vyote vikionyesha ubapa, Mama anacheka, na hapo ujue kuna kasoro upande wako. Alipouliza lenzi ya mbali, Mama alikataa. Ya karibu, akakataa. Ile ya kisasa, akakubali, akakubali tena, akakubali mara ya tatu bila kusita. Wen-tsung, aliyepiga magoti nyuma yake, akashusha pumzi. Jambo likawa limekwisha, lenzi ikawekwa kwenye jicho la kulia.

Kwa watu wengi lenzi ile ni neema. Mzee Lin wa duka la vyakula anayo, anasoma gazeti na kuendesha pikipiki bila miwani, na anamsimulia kila anayenunua yai. Kwa Po-chu ilikuwa balaa. Kila taa ilivaa pete, pete juu ya pete. Mishumaa ya hekaluni ilimwaga miale mpaka akawa anakwepa kwa kichwa. Hayo angeyavumilia. Lililomuua ni nyuso. Uso uliopakwa poda uligeuka ukungu mweupe mtupu, na zile malaika ambazo zamani zilimsimamia wazi juu ya poda, moja moja, hazikuwapo tena. Daktari alimwambia asubiri, ubongo huzoea. Akampa dawa ya matone kwa ajili ya ukavu, akamjaribishia miwani. Po-chu akasubiri, ubongo haukuzoea, naye akajitia hamnazo. Alipoulizwa na mwanawe alisema anaona vizuri sana. Na kila Wen-tsung alipoondoka asubuhi kwenda kiwandani, mama mtu alibeba viti vyake viwili akarudi kichochoroni, akawa anafanya kazi kwa kupapasa. Akaendelea hivyo mpaka akakutana na unyusi wa Bi Hsu.

Jioni ile Wen-tsung alipitia kununua supu ya madonge ya samaki, na bwana Hsu hakumficha kitu. Alifika nyumbani, akaweka supu mezani, akavitazama vile viti viwili vilivyoegemezwa ukutani, vikiwa bado na vumbi la poda.

"Mama. Uliniahidi."

"Niliahidi."

"Na jicho? Uliniambia unaona."

Po-chu akainama. "Naona ukungu na mataa yenye pete."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Lenzi aliichagua Mama Mazu. Wewe ulikuwepo. Niseme Mama amenichagulia kitu kibaya?"

Wen-tsung hakugomba, si kawaida yake. Alivichukua vile viti, akavipandisha ghorofani, akavifungia stoo, na Po-chu akausikia ufunguo ukizunguka. Supu ikapoa mezani, hakuna aliyeigusa.

Asubuhi wakaenda hospitali. Daktari Tseng alilichungulia lile jicho kwa mashine yake muda mrefu, huku na huku, juu na chini.

"Jicho ni zima," akasema mwishowe. "Lenzi nayo ni nzima, imekaa katikati kabisa. Ila haipatani na wewe, bibi. Wako watu wa namna hiyo, na si kosa lako. Tunaweza kuitoa tukaweka nyingine."

"Itolewe," akasema Wen-tsung.

"Haitolewi," akasema Po-chu.

Daktari akawatazama mmoja baada ya mwingine. Wen-tsung, masikio yamemwiva kwa wekundu, akaeleza habari ya vibao. Daktari Tseng ni mtoto wa huko huko, nyanya yake hanunui hata friji bila kuuliza, na wala hakucheka.

"Basi kamuulize tena," akasema. "Lakini nisikufiche, usichelewe. Ule utando unaoishikilia lenzi unaendelea kuibana. Sasa hivi itatoka kwa upole. Ukikaa mwaka, itatoka kwa vita, na jicho linaweza kuumia. Hata sasa si kazi nyepesi kama ile ya kwanza."

Po-chu hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alimwambia mwanawe amshushe hekaluni, na hapo akamkuta A-Luan, mfagiaji wa majivu ya ubani. Hawa wawili waliolewa Lukang mwaka mmoja, na tangu hapo haijapita siku bila kutukanana.

"Leo umekuja kula unyusi wa nani?" akauliza A-Luan.

"Niache, A-Luan. Nimekuja kumuuliza Mama kwa nini amenifanyia hivi."

A-Luan akaegemea ufagio wake. "Amekufanyia nini? Siku ile nilikuwa nafagia hapa hapa, nilikusikia kwa masikio yangu haya. Ulitaja jina, ukataja mtaa, ukataja mwaka uliozaliwa, vizuri kabisa. Halafu ukasema, 'Mimi nimestaafu, sina kazi, nakaa nyumbani natazama televisheni. Lenzi ipi inanifaa?' Sema hukusema."

"Nilisema. Lakini Mama Mazu anajua kila kitu."

"Anajua. Ila anajibu ulichouliza. Ukienda kwa Mzee Lin ukaomba chumvi, atakupa chumvi, hata kama anajua nyumbani kwako sukari ndiyo iliyokwisha. Mama alimchagulia lenzi yule bibi wa televisheni. Sasa wewe ndiye yule bibi?"

Po-chu alijua tangu siku ile kwamba amesema uongo, lakini alikuwa ameufunika vizuri, na sasa mtu ameufunua kwa fimbo ya ufagio.

"Basi nitakuja kesho nimuulize upya."

"Kesho hayupo. Miungu inapanda mbinguni kupeleka ripoti, inarudi siku ya nne ya Mwaka Mpya. Hata wao wana likizo."

"Nitakuja siku ya nne, alfajiri, kabla watu hawajajaa."

"Na Wen-tsung?"

"Yeye atakuwa amelala."

Hapo A-Luan akacheka. "Shoga, ulimdanganya Mama mbele ya mwanao, halafu kweli ukamwambie mgongoni kwake? Mama atakuona kichekesho. Njoo naye."

Po-chu alisherehekea Mwaka Mpya na jiwe moyoni. Kisu cha daktari hakukiogopa. Alimwogopa mwanawe, yule mtoto mwema ambaye hakuwahi kumnyima kitu, ambaye angesikia mbele ya watu kwamba mama yake hayataki mapumziko aliyohangaika kumpa. Na neno likishasemwa mbele ya Mama Mazu halirudi. Lakini asiposema, lenzi itabaki, utando utaibana, na mikono yake itakaa mapajani mpaka siku ya kuzikwa kwake. Aliila keki ya mchele ya Mwaka Mpya bila kuisikia ladha. Bi Hsu alikuja kuwatakia heri na unyusi wake wa wanja, akawainulia chai, unyusi mmoja ukipanda na mwingine ukibaki ulipochorwa, na Wen-tsung mwenyewe ikabidi ajifanye anakohoa.

Siku ya nne hekalu lilijaa pomoni. Moshi wa ubani ulikuwa mzito, na mishumaa yote mbele ya Po-chu ilivaa pete zake. Alipiga magoti. Wen-tsung akapiga magoti nyuma yake, kama mara ile. A-Luan akaja na ufagio wake, akafagia mahali pasafi.

"Mimi Shih Po-chu," akaanza, akataja mtaa, akataja mwaka. Kisha akapiga moyo konde. "Mama, mara ile nilikudanganya. Nilisema nimestaafu. Sijastaafu. Kila mwanangu alipotoka, nilirudi kichochoroni. Na si kwa njaa, Mama. Mwanangu ananitunza vizuri, watu wasimseme. Narudi kwa sababu tangu mume wangu afariki, hakuna uso ninaoushika nyumbani. Mwanangu mkubwa, mtu mzima hashikwi uso. Pale kwenye kiti, mtu anakuja ananipa uso wake, anafumba macho, ananiachia. Mimi nataka hilo tu. Nataka jicho la kuonea hilo."

Akavirusha vibao. Vikalia juu ya sakafu, vikatulia. Vyote viwili bapa juu. Mama anacheka.

Watu waliokuwa wakisubiri zamu nyuma wakaguna.

"Anacheka kwa sababu hujauliza kitu," akasema A-Luan. "Hiyo ilikuwa hotuba. Uliza swali, mwanamke, foleni ni ndefu."

Wakacheka wote, mpaka mzee mmoja aliyekuja kuuliza habari za figo yake. Po-chu akaviokota vibao. Akauliza: lenzi hii itolewe? Mama akakubali. Akakubali mpaka mara tatu zikatimia. Akauliza: niwekewe ya karibu, ya kuonea malaika? Mama akakubali hivyo hivyo, mara moja baada ya nyingine, na vibao vilianguka karibu karibu kama vina haraka. Po-chu akageuka na uso unaong'aa.

Nyuma yake hapakuwa na mtu. Wen-tsung alikuwa ameondoka.

Alimkuta nje, karibu na chungu kikubwa cha ubani, amempa kisogo. Alikuwa anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Moshi, pengine.

"Nitaomba ruhusa kazini," akasema bila kumtazama. "Hospitali ikifunguliwa tutakwenda."

Njia nzima hakuongeza neno, wala siku ya pili yake, na ufunguo wa stoo ukabaki kwenye mnyororo kiunoni mwake. Po-chu hakujua kama amekasirika au ameumia, na kuuliza alishindwa. Alisema kweli mara moja, ujasiri wote ukawa umekwisha.

Daktari Tseng alipomwona alisogeza kiti chake karibu. "Safari hii nieleze kazi yako, bibi. Yote."

Po-chu hakueleza. Alitoa uzi mkobani, akamkalisha muuguzi aliyejitolea, akauma ncha moja, akainama. Uzi ukaanza kucheza juu ya shavu la yule binti. Daktari akachukua utepe wa kupimia, akapima kuanzia jicho la Po-chu mpaka shavuni.

"Kazi yako unaifanya hapo hapo? Husogei?"

Po-chu ana uzi mdomoni, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hasogei. Muuguzi machozi yanamtiririka, anajitahidi kutabasamu.

"Basi lenzi nitaichagua ya hapo," akasema daktari. "Lakini ujue, vya mbali utavionea kwa miwani. Televisheni itakuwa ukungu."

Po-chu akautoa uzi mdomoni. "Televisheni siipendi," akasema. "Nilisema tu."

Siku ya kazi yenyewe walimtia dawa ya ganzi, wakamfunika uso, wakamwachia jicho moja wazi. Hakuona kisu. Aliona mwanga unaosogea, akausikia mkono wa daktari umetulia shavuni pake, mwepesi, na akaona ajabu kwamba leo yeye ndiye aliyempa mtu uso wake. Daktari aliikata ile lenzi ya kisasa humo humo ndani ya jicho, akaitoa kipande kipande kwa tundu dogo. Ilichukua muda. Po-chu akaanza kumwomba Mama Mazu kwa sauti.

"Bibi, omba kimoyomoyo," akasema daktari. "Kidevu kinatikisika."

Kesho yake asubuhi, nyumbani, ngao ya plastiki waliyomfunika jicho ikaondolewa ili atiwe dawa. Wen-tsung ndiye aliyeshika chupa. Alimwinamia mama yake aliyelala chali, akaikunja shingo, akasogea mpaka akafika pale pale utepe wa daktari ulipofika.

Na Po-chu akamwona.

Alimwona wazi, bila ukungu, bila pete. Miaka mingapi hakumwona hivi? Mvi zimemjaa juu ya masikio. Mikunjo miwili kati ya nyusi, ya mtu anayewaza sana na kusema kidogo. Kile kikovu cha kidevuni, cha siku alipoanguka ngazini akiwa mdogo, bado kipo, chembamba kama uzi. Na macho yake yalikuwa mekundu ya kutolala.

"Umezeeka," akasema Po-chu.

"Nina miaka hamsini na mitatu, Mama."

"Hukuniambia."

Wen-tsung akatabasamu kidogo, tone likadondoka mahali pake. Mkono wa Po-chu ulikuwa umeinuka wenyewe kitandani. Akaushusha. Mtu mzima hashikwi uso.

Wiki zikapita. Alikwenda saluni kuoshwa nywele amelala chali, maana maji hayatakiwi jichoni, akawaeleza wanawake wote waliokuwepo hadithi ya vibao, kila akiisimulia Mama Mazu akicheka zaidi. Alivaa miwani kuvuka barabara, akaivua kuona vidole vyake. Aliziona mpaka nyuzi za shuka. Daktari Tseng akamruhusu kufanya kila kitu. Ila viti vilikuwa stoo, na ufunguo haukuwa wake. Hakuuomba. Alijiambia kwamba ameshasema yote mbele ya Mama, na kama mwanawe hakusikia, basi hakusikia. Lakini jioni alikaa na uzi mapajani, akiusokota na kuusokotoa.

Kisha ukafika mwezi wa tatu, siku za kuzaliwa kwa Mama Mazu, ngoma na fataki tangu asubuhi na mahujaji wametanda mpaka barabarani. Po-chu alikuwa anaosha vikombe alipomsikia Wen-tsung anashuka ngazi taratibu, kitu kinagonga ukuta. Akatoka jikoni. Mwanawe amebeba viti viwili vya mianzi, kimoja kila mkono. Alikuwa amevipangusa, na mguu mmoja uliokuwa ukilegea ameukaza kwa waya, kazi safi ya mtu wa baisikeli.

"Poda unayo?" akauliza.

"Ninayo."

"Twende basi."

Kichochoroni A-Luan alikuwa anafagia maganda ya fataki, na Bi Hsu amesimama kwenye mlango wa jirani, nyusi zake mbili zimetimia. Walipoona nani amebeba viti, A-Luan akasahau kufagia, jambo ambalo si la kawaida. Wen-tsung akaviweka chini. Akakijaribu kimoja kwa mkono kama kimesimama sawa.

Halafu akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mteja, barabara ya hekalu imejaa watu, wengine wanamjua tangu mtoto na wengine wanafanya naye kazi kiwandani. Masikio yakamwiva. Akavua miwani, akaiweka mfukoni, akamwinulia mama yake uso.

"Mwanaume mzima," akasema A-Luan. "Huyu atalia, niwekeeni dau."

"Nyamaza, A-Luan," akasema Bi Hsu, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Po-chu alichukua kipande cha poda, akampaka mwanawe paji la uso, akampaka mashavu, akampaka kidevu juu ya kile kikovu, polepole, kuliko kazi inavyotaka. Uso ulikuwa wa moto. Ulikuwa na taya za baba yake. Akakaa kwenye kiti chake. Akausokota uzi. Juu ya poda, malaika zilisimama moja moja, aliweza kuzihesabu kama angetaka.

"Mama," akasema Wen-tsung, macho amefumba, "nyusi uniachie."

Po-chu alikuwa ameshauma uzi, hakuweza kumjibu. Na Wen-tsung, ambaye nyumbani maneno yake ni ya kuhesabu, alipoona mama yake hawezi kujibu, akaanza kusema.